Msumeno umekula vidole viwili, tajiri kanipa laki moja na nusu na karatasi ya kusaini. Nisaini?

Randa Butu (Jumanne usiku)

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za jioni. Naandika kwa dole gumba la kulia peke yake, mnivumilie herufi zikikosewa.

Mimi ni fundi seremala, niko karakana moja Keko, mwaka wa pili huu. Jumamosi iliyopita tulikuwa tunakimbizana na vitanda vya mteja wa Mbagala, vitanda sita, anavitaka Jumapili asubuhi. Saa kumi na moja jioni niko kwenye msumeno wa meza napasua mbao za Mafinga za chaga. Kile kifuniko cha diski kilitolewa kabla sijaanza kazi pale, kiko juu ya kabati kimejaa vumbi, wanasema kinachelewesha. Mbao ikafika kwenye fundo, ikang'ang'ania, halafu ikaruka kurudi nyuma ikanipiga tumbo. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa unasukuma, na nilikuwa nimevaa glavu. Maumivu sikuyasikia. Nilichosikia ni mlio wa mashine umebadilika.

Kidole cha shahada kimebaki pingili moja. Cha kati kimeondoka ncha pamoja na ukucha.

Msimamizi alinipakia kwenye bajaji, hospitali nikashonwa, bili tajiri kalipa. Sitaki kumsingizia, kalipa. Jana kaja nyumbani na mchele kilo tano, laki moja na nusu, na karatasi imechapwa kabisa: nimepokea kifuta jasho na sina madai yoyote, sasa wala baadaye. Mke wangu akamwambia mkono unamuuma, aiache atasaini akipata nafuu. Kesho anaifuata.

Nisaini?

Chumvi Nyingi

USISAINI. Naweka kambi hapa.

Mpemba wa Ilala

Pole sana ndugu yangu. Hiyo laki na nusu ila usiirudishe, mchele nao pika. Karatasi ndiyo upige chenga.

Sista wa Zamu

Pole sana kaka. Mimi ni muuguzi, chumba cha majeruhi. Kabla ya mambo ya sheria naomba unijibu. Sindano ya pepopunda ulichomwa? Vidole vilivyobaki unavikunja vyote? Ukipapasa ncha ya kidole cha pete unahisi, au kuna ganzi? Bandeji imebadilishwa lini mara ya mwisho? Na kile kipande kilienda wapi?

Randa Butu

Sista asante. Sindano nilichomwa. Bandeji tangu Jumapili. Cha pete nakihisi ila kinakunjika nusu, nilidhani ni uvimbe. Kipande vijana walikitia kwenye mfuko wa barafu ya kandoro, kikafika cheupe kama karatasi. Daktari akasema hakifai.

Sista wa Zamu

Kesho asubuhi rudi hospitali, usisubiri tarehe ya kliniki. Kidole kinachokunjika nusu baada ya mkono kupita kwenye msumeno huenda ni uvimbe kweli, na huenda kano imekatwa bila mtu kuiona kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye vidole vilivyokatika. Kano ikishonwa mapema, ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, kidole kinarudi kazini. Ukikaa mwezi inajikunyata kuelekea kiganjani, na hapo upasuaji wake ni mwingine kabisa.

Na kwa wote mnaosoma, kwa sababu hili la barafu naliona kila mwezi: kipande kilichokatika HAKIGUSI barafu moja kwa moja. Kinaungua kwa baridi. Kifunge kwenye kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi kidogo, kitie kwenye mfuko wa nailoni usioingiza maji, funga, halafu mfuko huo ndio uweke kwenye maji yenye barafu. Kuunganisha kidole si kazi ya kila hospitali hapa kwetu, lakini kikifika kimeharibika hata huyo daktari mmoja anayeweza hana cha kufanya. Mkono wenyewe kandamiza kwa kitambaa safi, unyanyue juu ya usawa wa moyo, vua pete haraka kabla haujavimba. Kahawa, majivu, unga wa ngano, dawa ya meno, vyote hivyo nimevichokonoa kwenye vidonda vya watu na kibano huku mgonjwa analia. Viacheni jikoni.

Chumvi Nyingi

Sista umetaja kahawa nimeangalia chini. Bibi yangu alinijaza kahawa kisigino kizima.

Afisa Mishahara

Randa Butu, pole. Nimekaa ofisi ya utumishi miaka kumi na moja na karatasi za namna hiyo nimezichapa mwenyewe zamani, Mungu anisamehe. Usisaini. Akija, mwambie kwa heshima kwamba unasubiri taarifa ya ajali iende WCF. Sema neno hilo hilo, WCF, uone uso wake.

Sasa nieleze maana wengi hawajui. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ndio hiyo WCF. Sheria yake ni ya 2008, mfuko wenyewe ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015. Kila mwajiri anatakiwa ajisajili na achangie asilimia ya mishahara anayolipa. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1, ikashushwa 0.6 mwaka 2021, mwaka uliofuata ikawa 0.5. Anachangia mwajiri peke yake. Kama kuna mtu humu anakatwa WCF kwenye mshahara wake, anaibiwa.

Mfuko ndio unaolipa matibabu. Ukiwa nyumbani kwa sababu ya jeraha unalipwa asilimia 70 ya kipato chako cha mwezi. Jeraha likishapona, daktari anapima ulemavu uliobaki kwa asilimia. Usiozidi 30 unalipwa mkupuo, ukizidi 30 unalipwa pensheni kila mwezi. Kuna pia fao la utengamao, yaani mazoezi ya viungo na kukurudisha kazini.

Na hakuna anayekuuliza kosa la nani. Hapo ndipo watu wanapodanganywa. Mwajiri atakwambia "ulizembea", na wewe kwa aibu unakubali. Uzembe wa kawaida hauondoi haki. Kinachoweza kukunyima ni utovu wa nidhamu wa makusudi kabisa, na hata huo, ukileta ulemavu mkubwa au kifo, fidia inalipwa.

Mtaarifu mwajiri mapema iwezekanavyo, kwa maandishi, hata meseji. Yeye ana siku 7 za kupeleka taarifa mfuko. Mlango wa madai uko wazi miezi 12 tangu ajali, lakini nakuomba usiusubiri ufike huko, mashahidi wanahama.

Randa Butu

Mkuu nashukuru mno. Sasa tatizo. Mimi sina mkataba. Nalipwa elfu sabini kila Jumamosi, nyingine mkononi, nyingine M-Pesa. Tajiri anasema mimi ni kibarua.

Afisa Mishahara

Mkataba wa mdomo ni mkataba. Sheria ya fidia inamhesabu anayelipwa kwa siku, kwa wiki, kwa kipande, hata kijana anayejifunza kazi. Meseji za M-Pesa za kila Jumamosi usifute hata moja. Piga picha za skrini, mtumie na mkeo.

Mzee wa Korona

Vijana mnabishana kuhusu asilimia, mimi nawaambieni mnayo bahati.

Nilianza mkonge Tanga nikiwa na miaka kumi na tisa. Korona mnaijua? Si ugonjwa wa juzi. Korona ni mashine ya kusaga majani ya mkonge kutoa nyuzi, na jina hilo tulikuwa nalo kabla ya wazazi wenu kuoana. Mkonge unaingia kwenye mnyororo, ngoma yenye visu butu inapondaponda, nyuzi zinatoka upande wa pili. Ukifuata jani lililokwama, mkono unafuata jani. Jirani yangu kambini aliingia korona asubuhi na mikono miwili, saa nne akawa na mmoja na nusu.

Mnajua sheria ya wakati ule ilimpa nini? Ile ya mkoloni tuliyoirithi ilikuwa na kikomo cha juu, shilingi 108,000, na ikaendelea kuwa 108,000 mpaka pesa yenyewe ikakosa maana. Alipopata ya kwake alinunua baiskeli ya mtumba na redio. Baiskeli hakuweza kuipanda, akampa mwanawe. Redio alikuwa anaiwasha kwa kisugudi, tunacheka wote, na yeye anacheka.

Kijana, usisaini.

Mpemba wa Ilala

Mzee shikamoo. Hapo kwenye redio nimecheka halafu nikajisikia vibaya.

Mzee wa Korona

Marahaba. Cheka tu, mwenyewe aliitaka hivyo.

Tajiri Mdogo

Naona mnampiga mwajiri wa watu mawe na upande wake hamjausikia. Mimi nina karakana, sitaji wapi, nina vijana wanne. Mwaka juzi mmoja alijikata kiganja na grainda. Nilimpeleka hospitali kwa gari langu, nikalipa bili laki nne na thelathini, nikampa posho wiki sita, laki tatu nyingine. Hakuna mfuko uliokuja kunisaidia. Nyie mnaoandika sheria mnadhani kila mwenye karakana ni Mhindi wa kiwanda. Kuna miezi mimi mwenyewe silali, nawaza mshahara wa vijana. Leo uniambie nilipe na mfuko tena? Huyo tajiri wa Keko kalipa hospitali, kaleta mchele, kaleta hela. Wangapi wanafanya hivyo?

Afisa Mishahara

Swali la haki kabisa. Lakini ndugu yangu Mhindi muache, hayumo kwenye uzi huu. Vijana wako unawalipa wastani wa shilingi ngapi kwa mwezi?

Tajiri Mdogo

Laki tatu tatu. Mwezi wa kazi nyingi inazidi.

Afisa Mishahara

Wanne mara laki tatu ni milioni moja na laki mbili. Asilimia 0.5 yake ni shilingi elfu sita. Kwa wote wanne, kwa mwezi.

Tajiri Mdogo

Elfu sita?

Afisa Mishahara

Elfu sita. Wewe ulitoa mfukoni laki saba na thelathini kwa ajali moja. Gawanya uone ni michango ya miaka mingapi.

Chumvi Nyingi

Miaka kumi na karibu miezi miwili. Nimetumia kikokotoo.

Tajiri Mdogo

Mbona hakuna aliyeniambia? Afisa wa leseni anakuja, wa takataka anakuja, wa zimamoto anakuja. Wa elfu sita sijawahi kumuona.

Fundi Mitambo

Nimesoma toka juu nikawa nasubiri mtu aulize habari ya glavu. Hakuna aliyeuliza.

Randa Butu, nani alikwambia uvae glavu kwenye msumeno wa meza?

Randa Butu

Tajiri alituletea mwenyewe, pakiti nzima. Alisema watu wa OSHA, wale wakaguzi wa usalama kazini, wakipita tuonekane tumevaa vifaa.

Fundi Mitambo

Ndiyo hivyo. Sikulaumu, wala yeye simlaumu sana, ila mlifuata kinga inayoonekana badala ya kinga inayofanya kazi. Kwenye chochote kinachozunguka, msumeno, dreli ya meza, mashine ya kuchonga miguu ya viti, glavu haivaliwi. Jino la diski likigusa ngozi tupu linakata pale lilipogusa. Likigusa glavu linakamata uzi, uzi unaita kitambaa, kitambaa kinaita mkono mzima. Ungekuwa mikono mitupu huenda ungepoteza ncha moja. Pete, saa, mikono mirefu ya shati, hivyo hivyo.

Halafu hiyo mbao kuruka. Mbao ya paina ikipasuliwa inajibana nyuma ya diski, hasa penye fundo. Upande wa nyuma meno yanapanda juu, yakiishika mbao iliyobana yanairusha kwako. Kwa hiyo mashine inakuja na kipande cha chuma chembamba kinachosimama nyuma ya diski kuzuia ule mpasuo usijifunge. Mara nyingi kifuniko kimefungwa kwenye chuma hicho hicho. Mkikitoa kifuniko kwa sababu kinachelewesha, mnatoa na chuma. Yaani mmeondoa vitu viwili mkidhani mmeondoa kimoja. Nenda kaangalie juu ya hilo kabati, utavikuta pamoja.

Na mbao nyembamba ya chaga haisukumwi kwa vidole. Kata kijiti cha kusukumia, kitie pengo mwishoni kama mdomo wa ndege, kitundike kando ya mashine. Kazi ya dakika tano, tena kwa makombo. Msumeno ukikila kijiti unakata kingine.

Walioko Marekani wana mashine inaitwa SawStop, diski inasimama yenyewe ikigusa ngozi kabla hujajua umegusa. Diski inapitishiwa umeme mdogo, ngozi ikiigusa mwili unaufyonza na mashine inatambua. Nimeiona kwenye video tu, bei yake tuiache huko huko. Kijiti ni bure.

Bucha la Kona

Fundi umenigusa. Mimi ni wa bucha, na kwetu ni kinyume. Pale kwenye msumeno wa mifupa hatuvai kitu, lakini kwenye kutoa mnofu kuna glavu ya chuma, imesukwa kama mnyororo, inavaliwa mkono ulioshika nyama. Kisu hakizunguki kwa hiyo hakuna cha kukuvuta. Nilikuwa nayo moja, mteja akaniuliza kama naenda vitani. Nikaivua kwa aibu. Kovu ninalo hapa kati ya dole gumba na shahada, mwezi wa pili baada ya kuivua.

Na kisu butu ndicho kinachokata watu, si kikali. Butu unakilazimisha, kikiteleza kinateleza na nguvu zako zote.

Kaka wa Gikomba

Habari zenu majirani. Mimi niko Nairobi, pia ni fundi wa mbao, nimefuata uzi kwa sababu binamu yangu alipitia hayo hayo mwaka jana.

Kwetu hakuna mfuko mmoja wa serikali kama wenu. Tuna sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, sisi tunaiita WIBA. Mwajiri analazimika kuchukua bima kwa kampuni yoyote iliyoidhinishwa. Mtu akiumia, mwajiri anaripoti kwa ofisi ya mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku saba, daktari anajaza asilimia kwenye fomu, halafu hesabu ni mshahara wa miezi 96 mara hiyo asilimia. Binamu alikuwa analipwa elfu ishirini, akapimwa asilimia kumi. Elfu ishirini mara 96 ni 1,920,000, asilimia kumi yake ni 192,000 za Kenya. Mwajiri alikuwa amempa elfu nane na soda.

Zamani watu walikuwa wanakimbilia korti moja kwa moja na wakili. Mahakama ya Juu ilimaliza hilo Desemba 2019, sasa lazima uanzie kwa mkurugenzi. Ukikataa uamuzi wake una siku 60 za kuweka pingamizi, na baada ya hapo ndio unaenda korti ya ajira. Kwa hiyo akija wakili hospitalini na kadi, mwambie apumzike kwanza.

Ni hayo tu. Pole ndugu, vidole vya fundi si vya mtu mwingine.

Mpemba wa Ilala

Na sisi wa visiwani? Kaka yangu yuko Unguja, karakana ya milango.

Afisa Mishahara

WCF ni ya Bara. Zanzibar mna sheria yenu ya fidia, aende Kamisheni ya Kazi.

Randa Butu (Alhamisi mchana)

Wakuu mrejesho.

Nimerudi hospitali kama Sista alivyosema. Kano ya kidole cha pete imekatika kweli, sehemu kubwa. Jumatatu natengenezwa. Sista sijui nikuite nani, mke wangu kasema akuombee dua.

Tajiri alikuja jana. Nikamwambia nasubiri taarifa iende WCF. Afisa Mishahara, uso niliuona. Akanyamaza, akaomba maji ya kunywa. Akasema yeye ana mpango wa kujisajili mwakani. Kisha akaondoka, karatasi akaisahau mezani. Baadaye msimamizi akanipigia, akaniambia nikiendelea na mambo ya ofisi nisihesabu nafasi yangu ipo.

La kushangaza ni hili. Leo nimeomba kusoma daftari langu la hospitali. Pale mapokezi Jumamosi msimamizi ndiye aliyeongea, mimi nilikuwa natetemeka. Imeandikwa "ameumia nyumbani akikata kuni".

Chumvi Nyingi

Kuni?! Na msumeno wa meza?!

Afisa Mishahara

Hapo ndipo madai mengi yanapofia, na nilikuwa nakaribia kukuuliza. Sista njoo tafadhali.

Sista wa Zamu

Nimekuja. Kaka, Jumatatu kabla ya kuingia chumba cha upasuaji mwambie daktari kwa kinywa chako: niliumia kazini, karakana, msumeno wa mashine, Jumamosi saa fulani. Mwambie maelezo ya mwanzo aliyatoa mtu mwingine ukiwa na maumivu makali. Haruhusiwi kufuta yaliyoandikwa, lakini anaweza kuandika maelezo mapya chini yake, na tarehe, na saini. Kidonda chenyewe ni shahidi. Shoka la kuni linapasua mara moja, msumeno wa mashine unatafuna na kuacha kingo zilizochanika. Daktari yeyote wa upasuaji anaona tofauti, muombe aiandike.

Na nyie wengine, mgonjwa akiwa na fahamu jibuni wenyewe mapokezi, hata kwa kunong'ona. Tunaandika kinachosemwa, hatuna muda wa kupeleleza.

Afisa Mishahara

Ongezea haya. Mwandikie tajiri meseji leo: siku fulani saa fulani niliumia kazini kwenye msumeno wako nikipasua mbao za vitanda, naomba upeleke taarifa. Fupi, bila matusi. Akijibu lolote, hata "sawa", hiyo ni mali. Wenzako wawili waliokuwepo waombe namba na majina kamili. Piga picha mashine kabla hawajarudisha kifuniko, maana watakirudisha. Halafu nenda mwenyewe ofisi ya mfuko. Kama hajajisajili, hilo ni kosa lake kisheria, usilibebe wewe.

Kuhusu nafasi yako: wakikufukuza, siku 30 tangu siku hiyo unatakiwa uwe umefungua shauri CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Si siku 31. Na likizo ya ugonjwa ipo kwenye sheria ya ajira ya 2004, siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Kwa hiyo kukaa nyumbani unapona si utoro.

Tajiri Mdogo

Hiyo ya kuni ni ushetani. Hata mimi mwajiri naikataa.

Na nitasema kitu. Leo nimeenda kujisajili. Nimeulizwa idadi ya wafanyakazi nikataka kusema wawili. Nikaandika wanne.

Mpemba wa Ilala

Hapo umenikosha.

Mzee wa Korona

Safi mwanangu. Na kifuniko cha mashine yako kiko wapi?

Tajiri Mdogo

Mzee... kiko juu ya kabati.

Fundi Mitambo

Makabati ya nchi hii yana kinga nyingi kuliko mashine.

Randa Butu (wiki tano baadaye)

Wakuu samahani kwa ukimya. Kano imeshonwa, nyuzi zimetoka, gango nimevua juzi. Daktari aliandika upya kama Sista alivyoelekeza, msumeno wa mashine, kazini. Wenzangu wawili wametoa maelezo. Mmoja aliogopa, mwingine akamwambia "kesho ni wewe", akakubali.

Ofisini nilipokelewa vizuri, sikutegemea. Tajiri aliitwa. Sikuwepo, lakini amejisajili na taarifa imeingia. Bado sijapimwa asilimia, wanasema mpaka mkono utulie kabisa. Malipo ya muda ya zile wiki nimeambiwa yanashughulikiwa. Hesabu yangu ni kama laki mbili na kumi kwa mwezi, asilimia 70 ya laki tatu. Yakiingia nitasema, yasipoingia nitasema pia.

Karakana sijarudi. Kaniita mara mbili, kasema nije nifanye kazi ya kupiga msasa. Ile laki na nusu tulikula na mchele wake. Karatasi mtoto kaichorea gari nyuma.

Kila asubuhi naenda mazoezi ya viungo. Nabonyeza mpira, naokota maharage moja moja kwenye sahani, nayahamishia sahani nyingine. Maharage thelathini siku ya kwanza yalinichukua dakika kumi na moja. Leo nne.

Bucha la Kona

Hongera kaka. Samahani kwa swali la ajabu. Kile kisichokuwepo, unakihisi?

Randa Butu

Usiku. Kinawasha kwenye ncha, pale pale palipokuwa na kovu la zamani la patasi. Nanyoosha mkono wa kulia kukikuna, nagusa shuka.

Bucha la Kona

Basi si mimi peke yangu. Mimi nililazwa siku tatu kwa lile kovu nililowaambia, ila sikuwaambia lote. Kuna kipande cha dole gumba hakipo. Mwaka wa tisa huu, na kikiwasha nakuna godoro.

Sista wa Zamu

Hiyo ni kawaida, mishipa ya fahamu bado inatuma habari za kidole. Kuna anayepata nafuu kwa kupapasa na kugongagonga taratibu ncha ya kidole kilichobaki, mara kadhaa kwa siku, kwa kitambaa laini kwanza halafu kigumu. Jaribuni wiki mbili. Bucha la Kona, na wewe ulipeleka taarifa popote?

Bucha la Kona

Sikupeleka. Nilipewa ini kilo mbili.